Nilisema Nakwenda Peke Yangu

Jumapili ile walikuwapo bibi yangu Anastazia; mdogo wangu Agnesi, aliyekuwa darasa la sita; kitindamimba wetu Devota, mwenye miaka minne; jirani yetu Mama Bukuru na mwanawe Bukuru; Mzee Kagoma, balozi wa nyumba zetu kumi; bwana mpimaji wa malale, aliyeletwa na Landrova; na mimi, Zakaria. Wanane. Nawataja wote kwa sababu siku ile niliulizwa habari za mmoja wao nikakataa kumtaja, na tangu hapo nimekuwa na tabia ya kuhesabu watu kila ninapoingia mahali.

Naandika kwa ajili ya wanaorina asali na kukata miti porini, huku Murungu na kwingineko Kibondo, na kwa ajili ya mama zao na bibi zao. Nilipona malale. Sikusoma kiasi cha kuweza kueleza ugonjwa ule unafanya nini ndani ya mwili. Nitaeleza ulichofanya nyumbani kwetu.

Mama alifariki siku aliyomzaa Devota. Mwaka uliofuata baba alianguka kutoka kwenye mninga akitundika mzinga, hakuinuka. Nikaacha shule darasa la tano, nikachukua kamba na shoka lake. Mwenzangu porini alikuwa Bukuru, rika langu. Alizaliwa pacha, mwenzake Butoyi alikufa kabla ya kuachishwa ziwa, na baba yao akafuata. Mama yake alimshika kama yai. Kila tulipokwenda mizingani alitusindikiza mpaka mwisho wa mashamba, kisha akasimama pale hadi asipotuona.

Kwenye safari ya mvua za kwanza mbung'o walituuma sana, kama siku zote. Mimi niliota uvimbe shingoni, nikapata homa, ikapoa. Kichwa kilibaki kinauma. Halafu yakaja mambo mawili ambayo hakuna aliyeyaita ugonjwa.

La kwanza lilikuwa la mikono. Sisi Waha tunamsalimia mkubwa kwa kupiga makofi. Unainama kidogo, unapiga taratibu, anakuitikia, unapiga tena, mpaka habari za watu na mvua na mashamba ziishe. Mwezi wa kwanza wa mwaka nikaona kwamba nikipiga kofi moja tu, maumivu hayaji hapo hapo. Yanangoja kidogo, kama yanafikiri, kisha yanapanda ndani ya mfupa mpaka kwenye kiwiko, na machozi yananitoka. Nikaacha kupiga makofi. Nikawa nasalimia kwa mdomo, mikono nimeikunja kifuani.

Mzee Kagoma hakulipenda. "Zakaria amekuwa Bwana Shauri wa enzi za mkoloni," alisema mbele za watu. "Anatusalimia kwa mdomo. Kesho atataka tumbebe."

Baada ya majuma machache Bukuru naye akaanza kukunja mikono. Kijiji kikacheka. Mabwana Shauri sasa wako wawili, asali imewapanda kichwani. Watu wazima wangapi waliona vijana wawili wanaokwenda pori moja wameacha kupiga makofi wakati mmoja, na wote wakaona kiburi. Sisi wenyewe tuliona aibu kuambiana. Siku moja tu Bukuru aliniuliza, bila kunitazama, "Na wewe inakupanda mpaka kwenye kiwiko?" Nikamjibu ndiyo.

La pili lilikuwa usingizi wa mchana. Nililala nikiwa nimeshika jembe. Nililala tonge likiwa mkononi. Agnesi alikasirika, na alikuwa na haki. "Mimi nashika jembe, yeye anashika ukuta," alimwambia Bibi. "Mimi ndiye mkubwa hapa au yeye?"

Basi ikaja ile Jumamosi, mahindi yakiwa yanaanza kukomaa.

Nilikuwa mkekani barazani. Nakumbuka siku ile vipande vipande, maana kila nilipofungua macho kivuli cha nyumba kilikuwa kimesogea na Bibi ameshika kazi nyingine. Kwanza alikuwa akifagia uwanja. Devota alimfuata na fagio lake dogo la majani, akirudisha kila kitu kilipotoka.

"Mke mwenzangu," Bibi alimwambia, "unafagia au unapanda takataka?"

"Nafagia."

"Unamfagilia mume gani? Mume wetu huyu amelala."

"Mume wetu analala kila siku," Devota alijibu, akapita na fagio lake juu ya miguu yangu.

Nikafumba macho. Nilipofumbua, Bibi alikuwa anatoka mtoni, kapu la muhogo uliolowekwa kichwani, maji yakimchuruzika shingoni, Devota mgongoni ameshika kata kama askari ameshika bunduki. Nikafumba. Bibi anamenya muhogo, Devota anaupanga juu ya mwamba kwa mstari, akiulaza na kuufunika kwa jani moja moja, anauimbia. Nikafumba. Bibi anafua gauni la misa la Devota, na mwenye gauni anakimbia uchi uwanjani akikataa kuogeshwa. Bibi alikuwa na miaka mingi. Magoti yake yalilia kila alipoinuka. Mtoto alimchosha kuliko shamba, lakini nilipolala nilisikia sauti zao mbili zikiendelea, na zile sauti ndizo zilizonifanya nijue kwamba bado niko duniani.

Saa za mchana Mzee Kagoma alipita. Bibi alimpigia makofi, wakaulizana habari. Kisha akasema, "Kesho baada ya misa watu wote wafike kwangu. Watu wa malale wanakuja. Wanashika shingo, wanatoboa kidole, basi. Na huyu Bwana Shauri wako naye aamke aje."

Bibi alicheka kwa adabu. Alipoondoka yule mzee, Bibi hakurudi kwenye kinu. Mchi ulibaki umesimama ndani ya muhogo.

Lazima nieleze alichokiona. Bibi alipokuwa ameolewa karibuni, serikali ya kikoloni ilikuta malale kwenye kilima chao. Watu wote waliamriwa wahame, nyumba zikachomwa nyuma yao, pori likala mashamba. Aliacha huko kaburi la mtoto wake wa kwanza, na hakuwahi kuliona tena. Na mwaka mmoja tu kabla ya Jumamosi ile, sisi nasi tulikuwa tumehamishiwa kijijini kwa lori, nyumba kwa mstari kando ya barabara. Kwa Bibi mambo haya yalikuwa jambo moja. Aliamini kwamba mtu mmoja akikutwa na malale, sote tutapakiwa tena kwenye lori, na makaburi ya baba na mama yangu, ambayo bado tuliweza kuyafikia kwa miguu, yatabaki bila mtu wa kuyapalilia. Hakuwa mjinga. Alikuwa anakumbuka jambo la kweli, akalitumia pasipo pake.

Alimfunga Devota mgongoni, akachukua maharage kidogo kwenye kitambaa kama mtu anayepeleka mbegu, akaenda kwa Mama Bukuru. Waliyosema niliyajua baadaye kutoka kwa Bibi mwenyewe.

"Mfiche wako, na mimi nimfiche wangu," Bibi alisema.

"Na kama kweli wanaumwa, Mama?"

"Wanaumwa uchovu wa asali. Mvua ikikatika wataamka."

Mama Bukuru alifikiri, kisha akasema mwanawe atakuwa kwa mjomba wake Titye, kule upande wa Kasulu. Ndivyo atakavyomwambia balozi.

Jioni Bibi akakaa jikoni na Devota mapajani, anamfundisha. Agnesi alikuwa anachambua dagaa.

"Wakikuuliza kaka yuko wapi?"

"Yuko mkekani."

"Hapana. Amekwenda Kasulu."

"Amekwenda Kasulu."

"Amekwenda kufanya nini?"

Devota alifikiri. "Kulala."

Agnesi alificha uso kwenye khanga. Bibi naye alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha Agnesi akasema taratibu, "Bibi, waache wampime."

"Wewe uliyesoma ndiye utakayetupakia kwenye lori," Bibi alimjibu, na cheko likaisha.

Asubuhi ya Jumapili Bibi alinipeleka shambani. Alibeba Devota mgongoni, jembe begani ili wanaotuona wasiulize, na chakula kichwani. Kwenda shamba siku ya Jumapili na jembe kulimwaibisha. Alitazama chini njia nzima. Miguu yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine, kila hatua niliiomba. Kwenye dungu, kile kibanda cha kulindia mahindi, tulimkuta Bukuru amekwisha kufika na mama yake. Mama yule alimwekea mwanawe bakuli la ugali na samaki wa migebuka, Bibi akaniwekea langu la maharage. Devota alitupungia mkono kutoka mgongoni. Wanawake wakaondoka haraka wawahi misa.

Tukabaki wawili. "Mabwana Shauri tumefungwa na wanawake," Bukuru alisema. Tulicheka kidogo. Yeye bado alikuwa na nguvu kuliko mimi, aliamka upesi. "Wakija, mimi naingia mahindini. Wewe utaweza?"

"Miguu haitaki."

"Basi usinitaje."

"Sikutaji."

"Apa."

Nikaapa kwa kaburi la baba. Kisha nikalala.

Yaliyotokea kwa Mzee Kagoma niliambiwa na Agnesi. Meza ilikuwa uwanjani, watu wamejipanga mstari, balozi na daftari lake la majina. Mama Bukuru alisema mwanawe yuko Titye, likaandikwa. Bibi alisema mimi niko Kasulu, likaandikwa. Ilikuwa imekwisha. Lakini bwana mpimaji alipotaka kutoboa kidole cha Devota, akamwuliza maswali ili asilie.

"Nyumbani mko wangapi?"

Devota alihesabu kwa vidole. "Bibi. Agnesi. Mimi. Na kaka Zakaria."

"Kaka Zakaria yuko wapi?"

"Bibi amesema niseme amekwenda Kasulu."

Watu wote mstarini waliangua kicheko. Hata Mzee Kagoma alicheka. Bibi peke yake hakucheka.

"Na kweli yuko wapi?"

"Shambani. Analala na ngedere."

Kwa Mama Bukuru hakukuwa na mtoto mdogo. Tofauti ya nyumba zetu mbili siku ile ilikuwa hiyo tu.

Mpimaji hakufoka. Alimwomba Bibi amwongoze. Wakaja watatu: Bibi, yeye, na Devota mgongoni. Asubuhi ile Devota alikuwa amemwona Bukuru kwa macho yake, lakini siku mbili za kufagia na kuanika na kukimbia zilikuwa zimemchosha, na njiani akalala. Nimefikiri sana juu ya usingizi ule. Angekuwa macho, angesema na hilo.

Niliamshwa na mahindi yakisogea. Bukuru alikuwa ameondoka mkekani. Kisha nikaona viatu vilivyojaa tope, na kijana mpole akichuchumaa mbele yangu. Alinishika shingo nyuma, chini ya masikio. Akanitoboa kidole, akapaka damu kwenye kioo.

"Unarina asali?"

"Ndiyo."

"Porini unakwenda na nani?"

Nyuma yake alisimama Bibi, akimpigapiga Devota matakoni kama vile mtoto ndiye anayelia. Alinitazama. Nyuma ya Bibi, hatua nne au tano, katikati ya mashina ya mahindi, niliona kisigino cha Bukuru.

"Nakwenda peke yangu," nilisema.

Alitazama mabakuli mawili. "Na hili?"

"Bibi yangu ananipenda."

Alitabasamu, akaandika. Lakini alikuwa mtu wa kazi yake. "Ndugu, mtu hawezi kutundika mzinga peke yake. Nani anakushikia kamba?"

"Baba ndiye aliyekuwa akinishikia," nilisema. "Amefariki."

Kila neno la jibu lile lilikuwa kweli. Akanipa pole, akafunga daftari. Nilijiona mwanamume niliyetunza kiapo.

Jioni ile ile, damu yangu ilipokwisha kupimwa na malale kuonekana, Landrova ilinichukua. Devota alikuwa ameamka, amesimama barabarani na gauni lake la misa lililojaa matope. "Anakwenda wapi?" aliuliza. Agnesi akamwambia, Kasulu, hospitali. Devota akamgeukia Bibi: "Basi hukusema uongo." Bibi alikaa chini pale pale, kando ya barabara.

Hospitali kulikuwa na benchi refu nje ya chumba cha kupimia. Pale nilijifunza kungoja. Tulikaa kwa mpangilio wa kuwasili, na anayelala akiangukia mwenzake, mwenzake alimshikilia. Wengi tulikuwa warina asali, watafuta nta, wachoma mkaa. Ukiingia unakunjwa kama mtoto tumboni, wanachoma sindano mgongoni kutoa maji. Baadaye unalala chali, huruhusiwi kunyanyua kichwa. Nilitazama dari. Palikuwa na doa la maji lenye umbo la kisigino. Najua halikuwa na umbo hilo. Ndivyo nilivyoliona.

Waliniambia malale yamekwisha kufika kichwani. Kwanza walinipa sindano za kusafisha damu. Kisha ikaja ile dawa ya mshipa, iliyotiwa kwenye bomba la kioo. Siku tatu mfululizo unachomwa, juma zima unapumzika, siku tatu tena, juma, siku tatu tena. Huko wodini hatukusema mwezi wala tarehe. Tulisema, "Mimi niko kwenye duru ya pili." Ilichoma kama pilipili inayokimbia ndani ya mkono hadi kwapani. Mara moja ilivuja nje ya mshipa na mkono wangu wa kushoto ukavimba hadi vidole, ngozi ya kiganja ikabanduka kama maganda ya kitunguu. Mashavu yalijaa, miguu ikakonda. Siku moja nilijiona kwenye kioo cha dirisha nikamsalimia mgeni.

Dawa ile ile iliyotuponya iliwavuruga wengine. Mtu anaanza duru ya pili vizuri, jioni anaongea maneno yasiyoeleweka, anatetemeka, na baada ya siku mbili godoro lake linaanikwa juani. Kila mmoja alijitazama anavyoongea. Nilikuwa nikijitajia majina: Bibi, Agnesi, Devota, Mama Bukuru. Hapo nilisimama.

Kulikuwa na mhudumu mmoja mzee, mkono wake mmoja haukunjuki. Kabla ya sindano alikuja na kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto, akanifunga mkono ili mshipa uonekane upesi na nisitobolewe mara nyingi. Hakuna aliyemwagiza. Ukipata nafasi ya kumhudumia mgonjwa wa malale, fanya hivyo. Nimesahau sura za wengi, sijasahau joto la kitambaa kile.

Nimejaribu kujiambia kwamba siku za mwanzo kichwa hakikuwa changu, kwa hiyo sikukumbuka. Si kweli yote. Siku ya tatu wodini nilikumbuka vizuri kwamba Bukuru ana ugonjwa huu huu, na sasa nilijua unavyoua. Nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimeapa, na kwa kuwa nilimwogopa Bibi na lori lake. Nilinyamaza duru ya kwanza. Nilinyamaza juma la kupumzika. Duru ya pili ilipokwisha, mtu wa kitanda cha jirani alifariki, mrina asali wa Heru Juu, na mpimaji wetu akaletwa na kazi zake wodini. Nikamwita.

"Kuna mwenzangu," nilisema. "Anaitwa Bukuru. Ndiye aliyekuwa akinishikia kamba."

Alinitazama kidogo, akatoa daftari, akaandika. Mvua ilikuwa imekata barabara. Alirudi nikiwa katikati ya duru ya tatu. Alikaa ukingoni mwa kitanda na kuvua kofia.

"Mwenzako tumekuta amekwisha kuzikwa," alisema. "Kabla hujaniita."

Siku ngapi kabla, hakusema, nami sikuuliza. Wala hakunikumbusha kwamba aliniuliza mara mbili. Nilingoja aseme. Aliniambia nile vizuri, akainuka.

Nilirudi Murungu wakati wa baridi na vumbi, mahindi yamekwisha kuvunwa. Hakuna aliyehamishwa. Walikuja watu wakafyeka kando ya mto, wakatuonya juu ya pori, wakaenda zao. Kijiji kiko pale pale hadi leo, na makaburi ya baba na mama nayapalilia mwenyewe.

Agnesi alikuwa amekosa shule muda wote nisipokuwapo, akilima badala yangu, na mwaka ule alirudia darasa. Alinipokea kwa ukali. "Sasa wewe shika jembe, mimi nishike ukuta," alisema, kisha akalia. Devota alinikagua mashavu yaliyovimba, akatangaza kwamba kaka huyu si yule, ila atamkubali.

Ilinichukua msimu mzima kurudisha miguu. Nilianza kwa kubeba kata ya Devota kutoka mtoni, naye akinicheka. Kisha ndoo nusu, kisha ndoo. Nawaambia walio kwenye njia hii: msione aibu kushindana na mtoto wa miaka minne. Siku utakapomshinda, mtafurahi wote wawili.

Bibi hakumtaja Bukuru. Alifanya kazi kuliko zamani, akimbeba Devota mgongoni hata alipokuwa mkubwa mno kubebwa, kana kwamba angemweka chini yeye mwenyewe angesema kitu. Siku moja tukianika muhogo nilimwambia ninakwenda kumweleza Mama Bukuru.

"Utamweleza nini?"

"Kwamba niliulizwa."

"Na mimi nilikuwa nimesimama pale. Niliona kisigino kama ulivyokiona wewe." Hakunyanyua kichwa. "Ukisema lako, umesema na langu. Mimi ndiye niliyekwenda kwake na maharage. Subiri nife kwanza, mume wangu."

Nilisubiri. Bibi alifariki mwaka jana, muhogo ukiwa mwambani. Mama Bukuru ndiye aliyemwosha. Alimwosha taratibu, akimsemesha kama dada, akimshukuru kwa miaka yote ya ujirani. Nilisimama nje ya mlango nikisikia. Sasa nilikuwa sina kisingizio.

Ndugu yangu unayesoma, au unayesomewa: ukipata usingizi wa mchana usio na sababu, nenda ukapimwe. Kijana wako akiacha kukupigia makofi, mwulize mikono yake kabla hujamtukana. Na wakikupima wakakuuliza unakwenda porini na nani, mtaje. Hata kama ameshika mguu wako. Hata kama uliapa. Atakukasirikia akiwa hai.

Mama Bukuru sasa anaishi peke yake nyumba ya tatu kutoka kwetu. Misimu miwili nimemlimia, nimemwezekea paa, na Devota hulala kwake mama huyo anapoumwa mgongo. Watu wananisifu. Sifa zao zinanikalia vibaya, kama nguo ya marehemu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa namlimia matuta ya muhogo. Aliniletea uji, akakaa kwenye majani kunitazama nikinywa.

"Nakuangalia nafikiri," alisema. "Yule bwana mpimaji alikuja mpaka shambani. Alifika mpaka kwenye dungu. Laiti angeuliza tu, Zakaria. Angeuliza neno moja tu. Wewe ungesema. Nakujua tangu mdogo, ungesema, hata kama mimi na bibi yako tulikataza."

Nilikuwa na kikombe mkononi. Devota alikuwa mbali, mtoni. Hapakuwa na mtu mwingine shamba zima.

"Ndiyo, Mama," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akaniuliza kama uji umetosha. Akachukua kikombe akaenda kugeuza muhogo wake. Nilimaliza tuta lile, na lililofuata, na lililofuata. Jioni shamba lake lilikuwa limekwisha kulimwa lote, na nilikuwa bado sijamwambia.